Kisahani Kilichonawiri

Dada yangu mpendwa,

Huku wote wazima, na kitambi changu ndicho kizima kuliko wote. Wifi yako anakusalimu.

Ahsante kwa kile kipande cha ngozi ulichotoa mkononi. Seli zake tumezikuza maabarani kwenye visahani, nazo zilikuwa zinakufa mapema, kama ugonjwa wako unavyozifanya mwilini. Basi tunazima jeni moja moja, kila kisahani na jeni yake, tuone ipi ikizimwa seli zitapona. Kila asubuhi nazisalimia, “Umeamkaje, dada?” Siku moja mkuu wangu akanifuma.

“Mzee, unaongea na visahani?”

“Huyu ni ndugu yangu, bosi.”

“Basi mwambie ndugu yako aache kutufia!”

Jumanne kisahani kimoja kikanawiri. Tukarudia upya na seli nyingine zako, tukazima jeni ileile, nazo zikanawiri. Bosi alinikumbatia, mimi nikalia hadi miwani ikaingia ukungu.

Uliniuliza kama dawa itakuwahi. Sitakuficha: kutoka kisahani hadi kidonge ni miaka mingi, na miguu yako imeshaanza kukugomea. Lakini binti yako aliyerithi ugonjwa huu bado mdogo, na yeye huenda dawa ikamwahi. Najua ngozi ile uliitoa kwa ajili yake, ndiyo maana hukusita hata kidogo. Mungu akulipe.

Likizo mlete. Nitamnyanyua achungulie kwenye darubini, amwone mama yake anavyokataa kufa.

Kaka yako akupendaye,
Bonge