Koki Mbili za Chooni Kwangu

Mabela, Maskati

Baba yangu,

Shikamoo. Mgongo vipi, bado unakukataza kuinama chini ya masinki ya watu? Na kifua cha Mama? Mimi mzima, nnakula, nnasoma. Kwenye simu ungepata hayo tu, maana naipokea sebuleni na wote wananisikia. Hili nimeona niliandike.

Wiki mbili tangi la juu ya paa lilikuwa likifurika, maji yakiteremka ukutani mpaka kwa jirani. Fundi kutoka mtaa wa Ghala akabadilisha boya la kufungia maji tangi likijaa. Yakaendelea. Akarudi, akabadilisha tena. Ndipo Ami, huyu mdogo wako, alipomgeukia Mwikali, dada wa Kikenya anayetufanyia kazi, kwa kuwa ndiye anayepanda kuanika nguo.

"Wewe unalichezea lile boya."

"Haki ya Mungu sijaguza hiyo kitu, mzee."

"Basi maji yanajipandisha yenyewe?"

Akasema Jumapili atamrudisha kwa wakala.

Nikakumbuka unavyosema, fundi aguse maji kabla ya kugusa spana. Nikapanda peke yangu. Yalikuwa ya uvuguvugu, Baba, na baridi yote hii ya Januari! Nikafunga njia ya kuingizia maji tangini, bado yakamwagika. Basi yalikuwa yakipanda kutoka chini, kupitia hita. Nikashuka, choo kwa choo. Cha Ami salama. Cha wageni salama. Changu sasa.

Mimi, kwa uvivu wa alfajiri, huacha koki zote mbili wazi, ya moto na ya baridi, zimeshapimwa vizuri kwa kutawadha, nikafunga kwa kile kitufe cha ncha ya mpira wa kunawia tu. Maji ya baridi yanatoka moja kwa moja bomba la mtaa, yana nguvu. Ya moto yanashuka tangini, dhaifu. Yenye nguvu yakayasukuma yale mengine yarudi juu. Nikazifunga zote mbili. Nusu saa, ukuta kimya.

Ningesema palepale. Sikusema. Na Ami alipoona pamekauka akamwambia mkewe, Bi Zuwena, "Umeona? Kumsema tu, yamekoma." Yaani kufunga kwangu kukawa ushahidi dhidi ya Mwikali. Zikapita siku mbili. Nikimsikia Mwikali anakunja nguo zake, naingia chumbani, natoka, naingia tena.

Ijumaa, tumezunguka sinia, nikasema. Sauti ilitoka ndogo hata Ami akaniambia nirudie. Nikarudia kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili, Mwikali naye asikie.

Bi Zuwena akacheka. "Kumbe jini la maji tunalala nalo!"

Ami hakucheka. "Haya, atabaki," akasema, akaendelea kula.

Mwikali akaweka jagi chini. "Na yale maneno niliambiwa, mzee, yanaenda wapi?"

Ami akamega tonge jingine, Mwikali akaingia jikoni.

Nilimfuata jikoni kumwomba radhi. "Wewe nimekusamehe," akasema. "Si wewe uliniita mwongo."

Nisalimie Mama, bibi mzaa mama, na mdogo wangu wa kiume, asiache Kurani. Shangazi pia, nimepata halua yake.

Baba, Ami kasema atakupigia akushitakie ujinga wangu. Usinitetee. Wewe ndiye kaka yake, na humu ndani hakuna wa kumwambia neno. Mwambie aende jikoni.

Mwanao asiyetulia,
Rahma