Ndama wa Simu

Kariakoo, Dar es Salaam

Kaka Gervasi,

Salamu zangu zikukute salama, uwe shambani au nyumbani, na shemeji na watoto wakiwa na afya. Mvua za huko nyumbani Murungu zimetulia? Maharage yamenusurika? Na mguu wa mama unaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo tu ndio umenyong'onyea, na sababu unaijua, maana umenitumia mwenyewe kwa basi.

Simu nimeipokea kwa dereva, imeviringishwa kwenye khanga ya mama. Barua yako nimeisoma, na pale uliposimulia wakwe zetu wa Manyovu walivyoingia uani, nilicheka hadi fundi mwenzangu akauliza kulikoni. Kisha nikaacha kucheka.

Baba Mdogo Lazaro ametuponza. Siku ya mahari ya dada yetu Yusta, wakwe walipunguza ng'ombe mmoja, na badala yake wakatoa simu hii, wakisema kwa bei inamzidi ng'ombe. Baba Mdogo angeipokea kama simu, mambo yangeishia hapo. Lakini alishaitamani, basi akaiinua mbele ya wazee wa pande zote mbili na kusema, "Huyu ni ng'ombe wetu, tumempokea." Na ng'ombe wa mahari akizaa, ndama wa kwanza hurudi kwa maharusi waanzie zizi lao, hilo hata mtoto wa kwetu analijua. Ndiyo maana wamekuja kwa adabu zao zote wakakwambia, "Tumekuja kumjulia hali ng'ombe wetu, kama amezaa." Mtu utajibu nini hapo? Kwamba ng'ombe alianguka kutoka kwenye bodaboda kule Makere, akapasuka kioo?

Umeniuliza kama walitudanganya bei. Hawakutudanganya. Hapa dukani simu ya namna hii inauzwa hivyo hivyo, na toleo lililoifuata ni ghali zaidi. Kama bei yenyewe ni ya haki, hilo wateja wananiuliza kila siku, na bosi amenifundisha kujibu: dola imepanda, ushuru umepanda, kamera ni kali. Si uongo. Yupo mpiga picha za harusi hapa mtaani anayelisha familia yake kwa simu kama hii, na kwake sina neno. Lakini mimi ndiye ninayezifungua, kaka. Toleo la mwaka jana na la mwaka huu nikiyaweka mezani bila mifuniko, tofauti naitafuta kwa tochi. Watu wanalipia upya, na upya unaisha siku boksi linapofunguliwa. Kwa watu wa jembe kama sisi, bei ile si haki, nami naendelea kuisifia kwa sababu ndiyo kazi niliyo nayo.

Umeniomba niiuze, pesa inunue ndama. Nimezunguka nayo Kariakoo nzima. Kioo chake peke yake kinataka bei ya ndama mzuri. Ikiuzwa ilivyo, wananipa bei ya mbuzi, tena mbuzi aliyekonda. Nilimwomba bosi anikopeshe kioo, akanionyesha simu nyingine za namna hiyo zinazosubiri vioo kabatini. Mimi mwenyewe sina kitu. Nimeshindwa, kaka, nakwambia bila kuficha.

Najua unachofikiria, maana nami nimefika hapo hapo. Zizini kuna ndama mmoja, naye ni wa mama. Asipotoka, huko Manyovu watasema Yusta aliolewa kwa ng'ombe tasa, na unajua neno hilo litakavyomkalia mwanamke ambaye bado hajapata mtoto. Akitoka, mama anabaki na ng'ombe mzee anayekaribia kukauka maziwa. Njia ya tatu nimeitafuta, sikuiona.

Jana niliiwasha simu kuikagua. Kumbe Baba Mdogo alimpiga mama picha zizini, ameshika kamba, ndama anamlamba mkono. Picha ni safi kupita kiasi. Niliona mikunjo ya uso ambayo haikuwapo nilipoondoka, na ukucha wake uliokatwa na jembe. Nililia pale pale dukani, mteja akisubiri.

Wakwe wakirudi, mpeni Yusta ndama. Ila kamba aikabidhi mama mwenyewe, asije akaamka akakuta ndama hayupo.

Nisalimie shemeji, na Mzee Masudi wa dukani Kibondo mjini anayetupokelea mizigo, na mwalimu mpangaji wetu. Baba Mdogo msalimie pia; maji yakishamwagika hayazoleki. Mama msalimie kwa salamu ya kwetu, mwambie mwakeye.

Simu nitaiuza kwa hiyo bei ya mbuzi, pesa nimtumie mama. Picha nimeihamishia kwenye kisimu changu. Uso wa mama hauonekani vizuri humo, ila ndama anatambulika.

Mdogo wako,
Nestori