Vibuyu Vyangu na Karatasi ya Mjomba

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku hatujambo, bibi yako anakohoa kidogo, lakini kunisema bado anaweza. Unauliza mtanunuaje vitu vya Krismasi bila kukanyagana madukani. Hapo umemuuliza bingwa!

Enzi za Mjerumani, kijiji chetu kizima kilikuwa kikivamia duka la pale stesheni Gulwe siku moja kabla ya sikukuu. Mwaka mmoja mama alikosa chumvi, wageni wakala mlenda chapwa, naye akalia kwa aibu. Nikaapa hatalia tena.

Mwaka uliofuata, wiki nzima kabla, nikapita nyumba nane na punda wawili. Kila mama akanipa hela na kibuyu chake, ndani ametia mfano wa anachotaka: punje ya mchele au chembe ya chumvi. Mjomba, mwalimu wa dini, akacheka.

"Shule umeikimbia, sasa unaandika kwa vibuyu? Mimi nitakwenda na orodha."

"Nenda nayo, mjomba."

Dukani nilikuwa peke yangu kama sultani. Mwenye duka akachungulia kila kibuyu, akajaza. Nyumbani kila mama akakitambua chake.

Siku ya msongamano, mama anapika huku anaimba, mimi nimekunja nne. Mjomba akaingia, kanzu imechanika, orodha mkononi, mwandiko mzuri kweli!

"Dada, huna chumvi kidogo?"

Mama akamfungia chumvi katika karatasi ileile.

Basi zunguka kwa majirani mapema, ukawanunulie wote kwa mpigo.

Babu yako, niliyeishia herufi M shuleni (kwa mkono wa bibi yako)