Kambare wa Mzee Callixte

Jumapili, 7 Juni 1992

Ziwa Muhazi tena. Ukungu asubuhi, kisha jua la kuchoma. Nimepima samaki wanne, wa kawaida tu. Wa tano nimemkataa. Modeste, mwenye duka la vyombo Remera, kaleta kambare mkubwa, eti kamvua kwa ndoano. Nikamfungua mdomo samaki: hakuna tundu. Nikamgeuza: michirizi ya nyavu shingoni. Kamnunua kwa wavuvi wa mitumbwi. Nikasema mbele ya wote. Modeste kanuna, hakunipa lifti. Nimerudi kwa basi, nimesimama njia nzima.

Sijali. Mpimaji wa chama chetu cha wavua kwa ndoano ni mimi, na sheria ni msumeno. Samaki avuliwe kwa ndoano, apimwe mzima, mbele yangu, juu ya mizani yenye muhuri wa mwaka huu. Bila hivyo ubao wetu wa rekodi kule baani Remera utakuwa ukuta wa watoto kuchorachora.

Juu kabisa ya ubao bado yupo yule Mbelgiji, bwana shamba, aliyekwenda zake zamani. Kambare, kilo kumi na mbili. Mzee Callixte, mkongwe wa chama, hulitazama jina lile kama mgeni aliyemkalia kiti chake.

Jumatano, 10 Juni

Kesho Idi. Nimeshona kanzu tangu alfajiri, mgongo hauna hali. Zaituni ananiletea chai mashineni na kunicheka: mke wa fundi ndiye wa mwisho kushonewa. Kweli. Gauni lake bado kitambaa.

Callixte kaja kupunguza suruali ya sufu. Ya safari. Mwisho wa mwezi anahamia Ubelgiji kwa binti yake. Tangu mkewe afariki yuko peke yake kule Rebero, na kwa vita hivi binti halali. Nyumba imeshapata mnunuzi.

Kwao kilimani samaki hakuwa chakula. Marehemu mkewe alimwachia apike nje, sufuria yake mbali, sahani yake mbali. Wamemcheka tangu ujana, naye hakuacha kuvua. "Mimi nikienda, jina ibaki hapa, juu ya ubao," kaniambia. "Jina tu, Sefu. Ingine sitaki." Nimeipima suruali mara mbili kabla ya kukata.

Mizani ya mkononi nimeipeleka ofisi ya vipimo kupigwa muhuri. Karani hayupo, labda wiki ijayo. Ile kubwa ipo baani Remera. Tutaona.

Jumapili, 14 Juni

Mkono hautaki kuandika. Naandika hivyo hivyo.

Callixte kampata. Alipigana naye mpaka tukaacha mishipi yetu wote, tukaja kusimama nyuma yake. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kambare mweusi, kichwa kipana, tumbo limejaa tele. Nikamfungua mdomo: tundu la ndoano, safi. Nikamnyanyua kwa mikono miwili. Hata Modeste alisogea kumtazama.

Tatizo mizani. Ya kwetu haijarudi. Yenye muhuri ilikuwa moja tu pale ziwani: ya banda la nyama ya nguruwe. Mizani ya sahani, muhuri mpya kabisa. Callixte alikwishaanza kutembea kuelekea huko. Muuzaji kamwona anakuja na samaki, kamwagia sahani maji ya moto bila kuombwa.

Nikasema hapana.

"Weka majani ya mgomba juu," Callixte kaniambia. "Hii samaki itakauka, Sefu. Pima, maneno iishe."

Nikasema dini yangu hainiruhusu. Nikasema kwa sauti, maana banda la pili alikuwapo Hamisi wa msikitini kwetu, na mashemeji zake, na watoto, wanamalizia Idi kando ya maji. Nikasema twende Remera kwenye mizani kubwa. Aliyenibishia hakuwapo. Mpimaji ni mimi.

Tukamlaza kwenye buti la Pijo ya Callixte, chini ya gunia bichi. Karibu na kuingia mjini, bariyeri, kizuizi cha jeshi. Foleni ndefu. Wanajeshi wakataka kila kitu kishuke. Samaki naye akashushwa, akalazwa vumbini, bado hai. Kambare ni mgumu kufa. Tulipomnyanyua akatapika. Maji, tope, samaki wadogo, wengine bado wazima na magamba yao. Vitu vingi vilimwagika barabarani. Callixte alichuchumaa akavitazama.

Baani: kilo kumi na moja na gramu mia nane.

Modeste ndiye aliyesema kwamba alichotapika kihesabiwe. Nikajisikia mwenyewe nikijibu: kilichotoka nje ya samaki si samaki. Sauti yangu ile ile ya kila Jumapili.

"Iko sawa," Callixte kasema. Kachukua samaki wake, kaenda.

Mikono yangu imenyanyua samaki wengi. Pale ziwani alikuwa amepita kumi na mbili. Alipita. Mjinga mimi.

Jumatatu, 15 Juni

Nimekata kola mbili upande mmoja. Zaituni kauliza nina nini. Nimesema jua la jana.

Ijumaa, 19 Juni

Baada ya sala nimemfuata mwalimu wa msikitini. Nimemuuliza kana kwamba ni habari ya mtu mwingine. Kanitazama kwa huruma. Najisi huoshwa, kasema. Tena samaki mwenyewe si angeoshwa kabla ya kupikwa? Nani kamwambia huyo mtu kwamba sahani haioshwi?

Hakuna aliyeniambia. Nilijua. Nilijua tangu chuo cha Kurani, nikiwa sijaota ndevu. Sikumwogopa Mungu pale ziwani, nilimwogopa Hamisi.

Na Hamisi nimemkuta nje anatafuta viatu vyake. Nikamwuliza Muhazi ilikuwaje. Nzuri, kasema, watoto wamefurahi. Kisha kashangaa: "Kumbe na weye ulikuwa huko? Sikukuona, ndugu."

Hakuniona. Nimerudi nyumbani nikitaka kujipiga makofi. Usiku huu nimemwambia Zaituni yote. Hakunicheka, na hapo nikajua jambo ni zito.

Jumapili, 21 Juni

Kikao baani. Wanachama wanataka Callixte aandikwe juu ya ubao. Kumi na mbili na kitu, wanasema, nani atauliza? Aliyezungumza zaidi ni Modeste, jambo ambalo sikulitegemea. Nilimdharau mno mtu yule. Mwisho wakanipa chaki. Wakasema wewe ulimshika, wewe unajua.

Nikasimama. Nilikuwa naandika, wallahi. Mkono ulishafika ubaoni.

Callixte kanizuia. "Hapana. Hakuna mtu alipima. Ukiandika hii, na ile ya Modeste ya nyavu uandike pia." Wakacheka wote, na Modeste mwenyewe akacheka. Nikarudi kukaa. Sheria hiyo nimemfundisha mimi, mwaka baada ya mwaka, kwa domo langu hili.

Jumapili, 28 Juni

Ya mwisho kwake. Tulikaa ubavu kwa ubavu tangu ukungu. Mizani yetu imerudi, iko shingoni mwangu, muhuri unang'aa. Kavua ngege wawili wa kukaanga. Nilimwomba Mungu ampe mwingine. Nikaomba mpaka nikaona haya, maana nilikuwa naomba anifutie mimi aibu, si ampe Callixte samaki. Hakupata.

Jumanne, 30 Juni

Nimemsindikiza uwanja wa ndege. Suruali imemkaa vizuri. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakapotea. Nikamwambia tu: haikuwa dini. Niliogopa watu.

"Najua," kasema. "Niliona vile ulikuwa unatazama ile banda ya pili." Kisha kanishika bega. "Mimi nilikula samaki miaka mingi ndani ya shamba ya ndizi, wamama wasinione. Ihangane, Sefu. Kuogopa watu najua."

Yeye ndiye anayenipa pole. Nimelia hadharani, mtu mzima. Alipoingia ndani hakugeuka, na nikafurahi hakugeuka.

Majuto ni mjukuu, walisema wazee. Wangu kaja upesi sana.

Jumapili, 16 Agosti

Modeste kavua kambare wa kilo kumi na mbili na nusu. Kwa ndoano, mbele yangu. Nimetazama mdomo, nimetazama shingo, nimepima mara mbili pale pale kando ya maji. Halali kabisa. Nimempa mkono kwa moyo mweupe.

Baani Remera nimelifuta jina la Mbelgiji kwa kitambaa chenye maji. Limekaa miaka, likatoka kwa mpanguso mmoja.

Samaki ningempima siku ile, leo ningekuwa nafuta la Callixte. Angekaa juu kule miezi miwili, basi, na angecheka sana huko aliko akisikia kashindwa na nani. Rekodi huwekwa ivunjwe. Yake hakuna atakayeivunja, maana haikuwahi kuwapo. Leo ndiyo nimeelewa nilichomnyima.

Nimeandika Modeste kwa herufi nzuri. Wakaniagizia soda, nikainywa pamoja nao. Jioni nimemshonea Zaituni gauni lake.