Video Yangu Imemuunguza Shangazi, na Lawama Amebeba Yeye

Mshauri, pole na kazi. Nakuandikia maji yamenifika shingoni na sina mwingine wa kumwambia, maana watu wangu wote wamo ndani ya habari hii. Niko mwaka wa mwisho chuo kikuu, nasomea utengenezaji wa vifaa vya kufundishia, yaani video, picha na masomo ya kompyuta, na tangu nianze baba hachoki kuniuliza kama kweli mtu anakaa chuoni miaka minne kujifunza kuwasha projekta, na aliyekuwa akinitetea ni shangazi peke yake, ndiye hata aliyenitafutia nafasi ya mafunzo kazini pale kwao, kwenye kiwanda cha kufua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Nikaambiwa nitengeneze video ya kuwafundisha wafanyakazi mashine mpya ya pasi, yenye vishikio viwili vinavyofanana, cha kushoto kinafunga mvuke, cha kulia kinaufungua. Mwaka wa kwanza tulifundishwa kwamba anayeonyesha kazi ya mikono apigwe picha kutoka nyuma ya bega lake, ili mtazamaji aione mikono kama ya kwake, lakini mimi nilimpiga picha fundi kwa mbele kwa sababu mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri na alikuwa anatabasamu, basi kwenye video kushoto kukawa kulia. Video hiyo niliiwasilisha chuoni pia, mhadhiri akanipa alama ya juu kuliko darasa zima. Shangazi akaitazama mara tatu, akaenda kwenye mashine, akavuta kishikio alichokiona, mvuke ukamuunguza mkono hadi kiwiko. Msimamizi anasema ni uzembe, kamhamishia kwenye kufagia, na shangazi mwenyewe ananiambia, "Ni macho yangu ya uzee, mwanangu, video yako haina neno." Juzi kiwanda kimeniita, wanataka kuniajiri nitengeneze video nyingine, wakati waliomaliza mwaka jana mmoja anauza vifuniko vya simu na wengine wamekaa tu nyumbani. Natamani kuacha chuo kabisa. Niache, au nichukue kazi?

JIBU

Pole, binti, na pole zaidi kwa shangazi yako. Umenijazia ukurasa mzima habari za chuo na ajira, na hujasema popote kama hiyo video imeondolewa. Naona haijaondolewa. Basi ujue kuna mwingine ameikodolea macho sasa hivi, naye kesho atashika mashine.

Huo ndio uzito wa fani yako, ambao baba yako haujui, na mhadhiri wako naye alitoa alama bila kuiona mashine. Wewe uliujua, ukafuata mwanga wa dirisha. Kuacha chuo hakumponyi mtu, ni kukimbia tu. Na ukichukua kazi ukanyamaza, kila asubuhi utampita shangazi ameshika ufagio, naye atakusalimia vizuri, na hapo ndipo utakapokoma.

Sikudanganyi kuhusu ajira. Ni chache, na hii moja huenda ukaikosa ukishasema. Alama nazo huenda zikaondoka. Sina dawa ya hilo.

Nenda leo, uombe video izimwe, ujitolee kuipiga upya kutoka nyuma ya bega. Kisha mwite msimamizi, shangazi akiwepo, useme kwa mdomo wako kwamba mama huyu hakukosea: alifanya sawasawa na ulivyomfundisha.