Mtoto wa Somo Langu

Jumatatu, 2 Desemba 1996

Mtoto wangu wa somo ameongezeka uzito! Kidogo tu, lakini Sista Koleta, mwalimu wetu, alinitaka nimpime tena na mizani ikasema vilevile. Kilo moja na nusu, na ushee wa kijiko. Ansbert, mwanafunzi mwenzangu, akasema nimeweka kidole kwenye mizani kama wauza nyanya wa Kanazi. Mwache aseme. Mtoto wake yeye amekwisha pita kilo mbili, ananyonya kama ndama, na sasa bwana mkubwa anapiga mluzi wodini.

Miaka yote hii nazalisha, nikadhani najua. Kumbe kuhusu njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, nilikuwa sijui lolote. Tulikuwa tunamviringisha pamba, tunamwekea chupa ya maji ya moto ubavuni, tunasali. Kozi hii ya juu inatufundisha njia ya kangaruu: mtoto uchi kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kafungwa kitenge kutwa kucha. Inkubeta, mashine ya kuwatia joto, tunayo moja, na jenereta yake hulala kuliko watoto.

Kila mwanafunzi na mtoto wake, mpaka afike kilo mbili, kisha umtetee mbele ya watahini, kitandani kwake, mama akiwepo. Mtihani ni Alhamisi tarehe 19. Mtoto akifa au akiondoka kabla, unarudia mwakani. Kama mwakani kozi itakuwepo. Imeletwa kwa ajili ya wakimbizi, na mambo ya wakimbizi siku hizi hayaeleweki.

Wangu mimi ni wa Anjelika, Mnyarwanda kutoka kambi ya Benaco. Bado hana jina. Bibi yake, Leonsia, mama wa mume, amekataa. Mtoto hapewi jina, anasema, mpaka abebwe mgongoni kama watu.

Alhamisi, 5 Desemba

Siku mbaya. Anjelika alikwenda kuoga, akamwachia mkwewe mtoto. Leonsia ana ngozi ya kondoo ya kubebea. Aliacha mbuzi na vyungu walipokimbia, ngozi hakuiacha. Akamfunga mtoto mgongoni! Naingia wodini, namkuta dirishani anamwimbia. Kichwa cha mtoto kimeinama, kidevu kimegota kifuani. Midomo ya zambarau.

Nilimnyang'anya. Nikampiga unyayo kwa kidole — kimya — nikampiga tena. Akavuta pumzi. Njiti husahau kupumua, ni lazima umkumbushe.

Halafu nikafoka. Kwa Kihangaza chetu, na Kinyarwanda kiko jirani, kwa hiyo hakuna neno lililopotea. Mama mwenye mvi, nimemkaripia mbele ya wodi nzima! Mama yangu kule Murusagamba angesikia angenichapa hata kwa umri huu.

Leonsia hakulia. Aliuliza tu, kwa hiyo sisi sote tulibebwa vibaya? Mgongoni hubebwa mtoto. Mbele hubebwa mzigo wa kuiba. Wodi ikaangua kicheko. Na mimi nikashindwa kujizuia.

Baadaye nilikaa naye, nikamwomba radhi, nikamweleza polepole. Kifua cha Anjelika ni bora kuliko mashine. Mashine ina waya, kifua hakina. Anaweza kwenda naye popote.

Popote? akauliza.

Popote, bibi.

Jumamosi, 7 Desemba

Redioni: Wanyarwanda wote warudi kwao kabla mwaka haujaisha. Wodi nzima wakaweka vijiko chini.

Niandike lililo kweli, maana hapa hapana msomaji. Jambo la kwanza nililofikiri si Anjelika, wala mtoto. Nilifikiri: mwisho wa mwezi ni baada ya mtihani. Nikashusha pumzi.

Alhamisi, 12 Desemba

Kambi imehama, na imehama upande usio wenyewe! Badala ya kwenda Rusumo, mpakani, wanakimbilia mashariki, kuelekea Biharamulo, na magodoro kichwani. Hawataki kurudi. Ansbert ana hofu na mihogo ya mama yake kule Nyarubungo. Anasema watu wale wakipita huko na njaa, hata majani hayatabaki. Kisha akajuta kusema hivyo, maana Anjelika alikuwa nyuma yake. Akampa ndizi.

Celestini, mume wa Anjelika, alikuja mbio kuwachukua. Sista akamkatalia. Celestini alisimama mlangoni akishika miimo kwa mikono miwili. Kisha akamwambia mama yake abaki na mkaza mwanawe, akaondoka kufuata watu wake. Hakumwangalia mtoto. Nadhani aliogopa asije akashindwa kuondoka.

Jumapili, 15 Desemba

Baada ya misa. Wote wamegeuzwa na askari. Barabara imejaa tangu alfajiri, wanashuka kwenda Rusumo, hakuna pa kutia mguu. Sauti yao si kelele. Ni kama mvua inayokuja toka mbali.

Celestini amerudi, matope mpaka magotini. Watu wa kilima chake wamejikusanya uwanja wa shule, wana wagonjwa, wanapumzika. Jumatano asubuhi watavuka. Anataka wavuke wote pamoja. Kule nyumbani, anasema, ukitokea peke yako kila mtu atauliza wewe ni nani na ulifanya nini. Ukitokea na jirani zako, wao watajibu.

Sista amezungumza na wakubwa. Mgonjwa aliyelazwa anaruhusiwa kubaki. Yaani Anjelika na mtoto. Si Celestini. Si Leonsia.

Walipoelezwa, Anjelika hakumtazama Sista. Alinitazama mimi. Ungekuwa wewe, muganga?

Kabla sijafungua mdomo Leonsia akasema, wewe mwenyewe ulituambia popote.

Na Anjelika akaongeza, nikitembea anapumua vizuri, nikikaa ndipo anasahau. Kweli tupu! Nimeliona mwenyewe kwenye veranda, nimelieleza darasani, Sista akanisifu mbele ya wenzangu. Lakini veranda ina paa. Veranda haina kilima. Na mama wa verandani amekula.

Nikasema nitajibu kesho. Mwoga.

Jumatatu, 16 Desemba

Nilimwomba Ansbert amwangalie mtoto, aamue yeye. Alimsikiliza kifua kwa muda mrefu. Akatoka nje, nikamfuata.

Kwa kitabu, abaki, akasema. Bila kitabu, sijui. Nimeona wabaya kuliko huyu wakipona. Wazuri kuliko huyu nimewazika.

Nikamwambia hilo si jibu.

Akasema, basi nikuulize wewe, dada yangu. Hapa anayelia ni mtoto au ni mtihani?

Nilimwambia anyamaze. Akanyamaza. Ningependa angeendelea, tugombane.

Nikijiuliza kama mkunga: abaki. Kila sababu ninayo. Baridi, njaa, maji ya njiani, pumzi. Lakini kila nikizipanga hizo sababu, naona zimepangika vizuri mno, na chini yake kuna tarehe 19. Na akibaki, atabaki hapa na kichanga, bila mume, bila mkwe, bila kambi. Kisha atavuka lini, na nani?

Jioni nilimwambia hivi: Nikikwambia ubaki, sijui ni nani ndani yangu anayesema. Kwa hiyo sitakwambia. Hakukasirika. Akasema, basi tutakwenda na mume wangu, na wewe utanifundisha ya njiani.

Leonsia amempa mtoto jina papo hapo. Iradukunda, yaani Mungu anatupenda. Nikamuuliza, je, sharti la mgongoni? Akanijibu kama anamjibu mpumbavu: mtu havuki mpaka bila jina. Askari akiuliza umebeba nini hapo mbele, aseme kifurushi?

Jumanne, 17 Desemba

Kutwa nimewafundisha. Kukamua maziwa na kumnywesha kwa kikombe kidogo, wakiwa wamekaa, si wakitembea. Kichwa kiegemee upande, kidevu kisigote. Kutazama midomo. Unyayo. Sista ananiona. Ameleta kofia mbili za sufu kutoka kwenye kabati lake.

Nikasema Anjelika hawezi peke yake, lazima apokewe. Celestini akavua shati bila kuambiwa mara ya pili. Tukamfunga mtoto kifuani kwake. Loo, wodi! Mmoja akauliza, Celestini, mimba ya miezi mingapi? Mwingine akasema ni mapacha, tazama tumbo lilivyochongoka. Yeye akasema, cheka tu, mama, wa kwanza amemzaa mke wangu, wa pili nitamzaa mimi mwenyewe. Leonsia aligeukia ukutani akilalama. Mwanamume yuko kifua wazi mbele ya mama yake, ananyonyesha hewa! Vita vimetuonyesha yote! Lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika, na si kwa kilio.

Mtoto alilala hapo kwa baba yake, wa moto, midomo mizuri. Nikafurahi. Nimelala na furaha hiyo mchana, nusu saa, kwa mara ya kwanza wiki hii.

Sista aliniita ofisini. Umefikiri kuhusu mtihani? Nimefikiri, Sista. Akasema atawaeleza watahini, lakini kanuni hakuitunga yeye.

Jumatano, 18 Desemba

Nimejifungia chumba cha dawa. Naandika nimesimama.

Watahini wamekuja leo! Wamelala mjini, wakaona barabara ilivyo, wakaamua wasingoje kesho. Wawili, kutoka Mwanza. Wanakunywa chai kwa Sista. Wakimaliza, wanaanza na Ansbert, kisha mimi.

Na Anjelika alikuwa bado yumo wodini. Tayari, amefungwa, kofia mbili, ngozi ya kondoo juu ya kitenge dhidi ya mvua. Leonsia amebeba sufuria. Celestini yuko getini, anawaangalia watu wake wanavyotoka uwanja wa shule.

Sista akaninong'oneza mlangoni. Saa moja tu, Adventina. Mwambie angoje saa moja, wamuone mtoto, waulize maswali yao, umemaliza.

Ningeweza kusema hapana. Siku mbili nimejiona mtu mwema kwa kukataa kumwambia abaki.

Nilikwenda kitandani. Nikamwambia, Anjelika, wageni wangu wamefika. Sikumaliza. Hakuuliza muda gani. Akasema, ni kwa ajili yako, muganga? Nikasema ndiyo. Akaketi. Akaipokea sufuria mikononi mwa mkwewe, akaiweka chini, akafungua vifungo vya juu ili mtoto apate hewa, akaweka miguu pamoja kama mtu aliye kanisani.

Leonsia hakusema mbele wala mgongoni. Alinitazama tu. Afadhali angenifokea mbele ya wodi, kama nilivyomfanyia mimi.

Nasikia vikombe bado. Mmoja wa watahini anacheka, anaomba sukari.

Dirishani naona geti. Watu wa kilima chake wamefika barabarani, wanangoja upenyo. Celestini anapunga mkono kuelekea wodini. Anapunga tena. Sasa anaita. Mzee mmoja amemshika bega, anamwonyesha barabara. Upenyo umepatikana. Wa mbele wameanza kutembea.

Saa moja nzima. Watakuwa wapi baada ya saa moja, katika umati ule?

Nikivuka veranda ni hatua chache tu. Neno ni moja, inuka. Nalijua kwa lugha zote mbili.

Vikombe vimenyamaza. Ansbert ameitwa. Nasikia viatu vya watahini, wanaingia. Kutoka hapa mlango wa wodi uko wazi, namwona Anjelika. Amekaa palepale nilipomkalisha, mkono mmoja chini ya mtoto, anatazama mlangoni nitakapotokea. Naweka kalamu.