Maganda ya Mama

Dada Ragnfrid,

Kabla ya salamu, nakusihi: hata neno moja la barua hii lisitoke kinywani mwako, hata kwa mumeo. Ukishaisoma, itie motoni.

Baada ya hayo, hujambo? Kifua cha mtoto kimepona? Sisi tu wazima wa mwili. Theluji imeshafika mlimani, na nyumba imekuwa kubwa mno kwa watu wawili wasiosemezana.

Kesho msimu wa kulungu unafunguliwa. Baba atatoka na bunduki ya marehemu mama, na risasi za maganda yaleyale ya shaba ya mama, anayoyajaza baruti upya kila mwaka pale mezani jikoni. Bado hupasha shingo za maganda kwenye mshumaa, kayashika kwa vidole. Vikianza kuungua huyadondosha kwenye kitambaa kibichi, kama mama alivyomfundisha, ili shaba isipasuke. Wakati huo tu ndipo ninapomsikia akiongea. Haongei nami; huongea na mama.

Majuzi niliingiza waya uliopindwa ncha ndani ya ganda moja, ukakwama karibu na kitako. Shaba imelika kwa ndani. Ikikatika hapo, moto humrudia mpigaji machoni. Nilimweleza. Akacheka, akasema mama alimwambia shaba ukiitunza itakuzika; wewe karani, nenda kagonge mihuri yako. Halvard, mwenzake wa mawindo, akadakia kwamba watoto wa ofisini hushtuka hata kijiko kikianguka.

Dada, nimezibadilisha. Nilinunua risasi mpya, nikazifukiza kwa mshumaa zifanane, nikazitia kisandukuni mwake. Za mama zimo ndani ya droo yangu ofisini, chini ya mafaili. Zikionekana, kazi sina. Kuzitupa siwezi.

Leo asubuhi alichukua moja, akaiingiza kwenye bunduki, akaifunga, akaifungua. Maganda ya mama yalikwisha kushika umbo la bunduki ile. Mkono wake unayajua. Akasema, si kwangu, kwamba hii imeingia kama mgeni. Kisha akazitia zote mkobani. Kipande cha mshumaa kilichokuwa dirishani akakitupa kwenye takataka.

Macho yake yatasalimika. Lakini sasa hana wa kuongea naye.

Wasalimie mumeo na mtoto. Usiniandikie nyumbani. Piga simu ofisini saa ya chakula, useme unauliza habari za bili ya maji, nitakutambua. Nyumbani usipige. Ila ukipiga akapokea baba, usikate. Muulize mama alikuwa akiipashaje shaba. Akianza, mwache aseme.

Mdogo wako,
Eivind